Kukufurishana: Mzizi wa Misimamo Mikali na Waathirika Wake wa Kwanza

Usiku wa Julai 15, 2024, waumini waliokusanyika katika Msikiti wa Imam Ali, eneo la Wadi al-Kabir jijini Muscat, kwa ajili ya kumbukumbu ya Ashura, walimiminiwa risasi. Raia wanne wa Pakistani, raia mmoja wa India na askari polisi mmoja wa Oman waliuawa, na watu 28 wa mataifa mbalimbali wakajeruhiwa. Washambuliaji watatu nao waliuawa. Kundi linalojiita Dola ya Kiislamu lilidai kuhusika, na siku chache baadaye Polisi ya Oman ikatangaza jambo lililowashtua wananchi wa nchi hiyo kuliko risasi zenyewe: washambuliaji hao hawakuwa wageni waliovuka mpaka. Walikuwa ndugu watatu, raia wa Oman, ambao kwa maelezo ya polisi walikuwa wameathiriwa na fikra potofu.

Mshtuko huo unaeleweka. Kwa miongo mingi Oman imekuwa ikitajwa katika ukanda wa Ghuba kuwa nchi ambamo Waibadhi, Wasunni na Washia wanaishi, wanafanya biashara na kuzikana pamoja. Katika mji wa Mutrah, ubavuni mwa Muscat, jamii ya Lawatiya, Washia wenye uhusiano wa asili na Makhoja wanaofahamika vyema Unguja na Dar es Salaam, imekuwa sehemu ya maisha ya bandari hiyo kwa vizazi vingi. Sheria za nchi hiyo zinakataza uchochezi wa chuki za kimadhehebu. Pamoja na yote hayo, vijana watatu waliozaliwa katika ardhi hiyo waliamini kwamba watu waliosimama mbele ya Mungu mmoja na wao, wakaelekea kibla kimoja na wao, walistahili kufa kwa kuwa si Waislamu.

Hapo ndipo penye kiini cha suala hili, na ndipo mijadala mingi kuhusu ugaidi inapopita bila kusimama. Habari za mashambulizi huelezwa kana kwamba ni vita kati ya Uislamu na dini nyingine, au kati ya Mashariki na Magharibi. Mashambulizi ya namna hiyo yapo, na Afrika Mashariki inayakumbuka tangu milipuko ya Agosti 7, 1998 katika balozi za Marekani jijini Nairobi na Dar es Salaam. Hata hivyo, swali la kwanza ambalo makundi ya misimamo mikali hujiuliza halihusu Mkristo wala Myahudi. Linahusu Mwislamu: yupi ni Mwislamu wa kweli, na yupi ametoka katika dini? Akishapatikana wa kumtoa katika dini, damu yake huhesabiwa kuwa halali. Kitendo hicho cha kumtangaza Mwislamu mwenzako kuwa kafiri ndicho wanazuoni hukiita takfiri, na Waswahili hukiita kukufurisha.

Mifano ni mingi na inatoka pande zote. Novemba 24, 2017, wakati wa swala ya Ijumaa, watu zaidi ya 300 waliuawa katika Msikiti wa al-Rawda, mji wa Bir al-Abed katika Rasi ya Sinai nchini Misri. Washambuliaji walibeba bendera ya kundi lile lile lililotajwa Muscat, na msikiti huo ulijulikana kwa wafuasi wake wa tarika ya Kisufi. Nchini Somalia, tangu mwaka 2008, wapiganaji wa Al-Shabaab walifukua na kubomoa makaburi ya masharifu na masheikh wa tarika, wakidai kuyazuru ni ushirikina. Jambo hilo liliwasukuma wafuasi wa tarika, waliojulikana kwa dhikiri na si kwa bunduki, kushika silaha kupitia kundi la Ahlu Sunna Waljamaa. Nchini Mali, mwaka 2012, makaburi ya mawalii wa Timbuktu yalivunjwa kwa majembe na sululu. Mmoja wa walioongoza uharibifu huo alikiri kosa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai na mwaka 2016 akahukumiwa kifungo cha miaka tisa. Waliolia Timbuktu walikuwa Waislamu, na waliojenga upya makaburi hayo, kwa udongo na ufundi wa mababu zao, walikuwa mafundi waashi Waislamu wa mji ule ule.

Kukufurishana hakukuanza jana. Mwaka 657, katika vita vya Siffin kati ya jeshi la Khalifa Ali bin Abi Talib na jeshi la Muawiya, pande mbili zilikubaliana kupeleka mgogoro wao kwa wasuluhishi. Kundi katika jeshi la Ali lilikataa, likisema hukumu ni ya Mungu peke yake, na likajitenga. Mwaka uliofuata Ali alipigana na wengi wao huko Nahrawan, na mwaka 661 akauawa mjini Kufa na mmoja wa watu wa mrengo huo. Ndani ya mrengo huo likazuka swali ambalo halijazeeka hadi leo: Mwislamu asiyekubaliana nasi ana hukumu gani? Nafii bin al-Azraq na wafuasi wake walijibu kwamba ni mshirikina, na kwamba inajuzu kumuua yeye, mkewe na watoto wake na kuchukua mali yake.

Wapo waliokataa jibu hilo. Abdallah bin Ibadh alitengana na Nafii kwa sababu hiyo hasa, na madhehebu yaliyopewa jina lake yakasimama juu ya msimamo kwamba Waislamu wengine, hata wakiwa wamekosea, ni watu wa kibla: huoana nao, hurithiana nao, na mali yao ni haramu kunyang'anywa. Mwanachuoni anayehesabiwa kuwa mwasisi halisi wa elimu ya Kiibadhi, Jabir bin Zayd, alikuwa mtu wa Nizwa, Oman. Waibadhi wenyewe hukataa katakata kuitwa Makhariji, na msomaji akiifahamu historia hii ataelewa sababu. Kwa hiyo vijana watatu wa Wadi al-Kabir hawakuishambulia jamii ya Washia peke yake. Walilirudisha jibu la Nafii katika nchi ambayo wahenga wake walilikataa zaidi ya miaka 1,300 iliyopita.

Ni vyema kueleza hapa neno madhehebu lina maana gani, kwa sababu matumizi yake ya kila siku yanachanganya. Madhehebu ni njia ya kufahamu sheria: namna wanazuoni wanavyosoma aya na hadithi, wanavyopima ushahidi na kutoa hukumu. Wasunni wanayo manne yaliyo mashuhuri, yaani Hanafi, Maliki, Shafii na Hanbali. Washia wanayo ya Jaafari na ya Zaidi. Wapo Waibadhi, na wapo Wadhahiri ambao wamebaki zaidi katika vitabu kuliko katika misikiti. Tofauti zao ambazo muumini wa kawaida hukutana nazo ni ndogo kuliko kelele zinazozizunguka. Mshafii wa Tanga husoma kunuti katika swala ya alfajiri. Mhanafi hasomi kunuti katika swala hiyo. Mshafii hufunga mikono kifuani. Muibadhi huiachia mikono ubavuni, na Mmaliki wa Sudani au wa Afrika Magharibi mara nyingi hufanya vivyo hivyo, na Mshia pia. Mshia husujudu juu ya kipande cha udongo. Zaidi ya fikihi zipo tofauti nzito zaidi za itikadi, hasa juu ya uongozi baada ya Mtume na juu ya sifa za Mwenyezi Mungu. Hizo zimeandikiwa vitabu visivyohesabika. Hata huko, jumla ya wanazuoni wa kila upande walijiwekea mpaka: anayetamka shahada na kuelekea kibla hatolewi katika Uislamu kwa dhana.

Mwambao wa Afrika Mashariki umeishi na tofauti hizi kwa muda mrefu kuliko maeneo mengi. Masultani wa Unguja walikuwa Waibadhi, ilhali raia wao wengi walikuwa Washafii, na mahakama za visiwa hivyo zilikuwa na makadhi wa madhehebu yote mawili. Sheikh Ahmad bin Sumait, mzaliwa wa Ngazija aliyefariki Unguja mwaka 1925, alikuwa Mshafii na mfuasi wa tarika ya Alawiyya, na akahudumu kama kadhi chini ya watawala wa Kiibadhi. Jamii za Makhoja Ithnaasheri, Maismailia na Mabohora zilijenga misikiti na majamatini yao katika mitaa ile ile ya Mji Mkongwe, Mombasa, Bagamoyo na Dar es Salaam. Mlango wa nyumba moja ulifungukia Maulidi, wa jirani ukafungukia majlisi ya Muharram.

Si kwamba mambo yalikuwa asali tupu. Historia inamkumbuka Sultani Barghash kwa mifereji ya maji na kwa mtambo wa kuchapa vitabu, lakini inamkumbuka pia kwa kuwatia kizuizini baadhi ya wanazuoni waliohama Uibadhi na kuingia Ushafii. Ukoo wa Mazrui wa Mombasa, uliotoka katika Uibadhi, ulitoa baadaye baadhi ya wanazuoni wakubwa wa Kishafii wa Pwani, akiwamo Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya aliyefariki mwaka 1947. Sheikh Al-Amin mwenyewe alizikosoa kwa kalamu mila nyingi alizoona ni uzushi. Mjadala juu ya Maulidi, juu ya hitima na juu ya kuzuru makaburi haujawahi kunyamaza katika ukanda huu.

Mfano mmoja unastahili kutazamwa kwa karibu. Mwaka 1953 jumuiya ya Ahmadiyya ilichapisha jijini Nairobi tafsiri kamili ya Kurani kwa Kiswahili. Wanazuoni wa Kisunni waliipinga kwa nguvu, kwani wanaitofautisha imani ya Ahmadiyya na yao katika jambo la msingi, la kukoma kwa utume. Walijibuje? Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja aliketi akaandika. Tafsiri yake, Qurani Takatifu, ilikamilika na kuchapishwa mwaka 1969, ikiwa na majibu kwa hoja za tafsiri iliyotangulia, na hadi leo ni miongoni mwa vitabu vinavyosomwa zaidi katika nyumba za Waislamu wa Afrika Mashariki. Katika miaka hiyo hiyo mmoja wa wamisionari wa Ahmadiyya, Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi na mwandishi wa kanuni za utungaji wa mashairi ya Kiswahili, alikuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam mwaka 1960, kisha Waziri wa Sheria wa Tanganyika mwaka 1963. Jiji lenye Waislamu wengi wasiokubaliana naye katika itikadi lilimpa joho la umeya. Masheikh waliendelea kumpinga katika darsa, na wananchi waliendelea kupeleka shida zao ofisini kwake. Mambo hayo mawili yalikwenda sambamba, na hakuna aliyeona ajabu.

Nchi nyingine zilichagua njia tofauti, na matokeo yake yanafaa kusomwa na kila serikali. Septemba 1974 Bunge la Pakistani lilirekebisha Katiba na kuwatangaza Waahmadiyya kuwa si Waislamu. Miaka kumi baadaye, amri ya mwaka 1984 ikawafanya watende jinai kwa kujiita Waislamu au kuyaita majengo yao misikiti. Waliotunga sheria hizo walisema zitatuliza hasira za umma. Hazikutuliza. Mei 28, 2010, wakati wa swala ya Ijumaa, watu wenye silaha walivamia nyumba mbili za ibada za Ahmadiyya jijini Lahore na kuua watu zaidi ya 80. Makundi yale yale yaligeukia pia misikiti ya Washia na makaburi ya Kisufi, kwani mtu akishaambiwa na dola kwamba kuna watu wanaostahili kuondolewa katika Uislamu, hubaki kubishana na dola kuhusu urefu wa orodha tu.

Jitihada kubwa zaidi ya wanazuoni kuufunga mlango huo ilitoka Jordan. Novemba 9, 2004, Mfalme Abdullah wa Pili alitoa tamko lililojulikana kama Ujumbe wa Amman, kisha akawapelekea wanazuoni wakubwa wa ulimwengu wa Kiislamu maswali matatu: nani ni Mwislamu, je, inajuzu kumkufurisha, na nani ana haki ya kutoa fatwa. Walioulizwa ni pamoja na Sheikh wa Al-Azhar, Ayatullah Ali Sistani wa Najaf na Mufti Mkuu wa Oman, Sheikh Ahmad bin Hamad al-Khalili. Kwa wasomaji wa Kiswahili jina hili la mwisho si geni: Sheikh al-Khalili alizaliwa Unguja mwaka 1942, na ni mmoja wa wanazuoni wakubwa wa Kiibadhi waliokulia katika lugha hii kabla ya kushika nafasi ya Mufti Mkuu mwaka 1975. Julai 2005, wanazuoni wapatao 200 kutoka nchi 50 walikutana Amman na kuafiki mambo matatu. Madhehebu manane, yaani yale manne ya Kisunni pamoja na Jaafari, Zaidi, Ibadhi na Dhahiri, yanatambuliwa, na kila anayefuata lolote kati yake ni Mwislamu ambaye damu, heshima na mali yake havigusiki. Ni marufuku kuwakufurisha watu hao. Na fatwa haitolewi na mtu asiye na elimu na masharti yanayotambuliwa na madhehebu.

Jibu la wenye misimamo mikali halikuchelewa. Novemba 9, 2005, mwaka mmoja kamili tangu tamko la kwanza, tawi la Al-Qaida nchini Iraki lililoongozwa na Abu Musab al-Zarqawi lililipua hoteli tatu jijini Amman. Takriban watu 60 walipoteza maisha, wengi wao Waislamu, wakiwamo waalikwa wa harusi waliokuwa ukumbini.

Ujumbe wa Amman una upungufu wake. Hauna nguvu ya sheria. Aidha, orodha ya madhehebu manane, hata ikiwa pana namna gani, bado ni orodha, na walio nje yake wana haki ya kuuliza usalama wao unalindwa na nini. Kwa upande wa dini, swali hilo ni la wanazuoni na litaendelea kujadiliwa. Kwa upande wa dola, jibu linapaswa kuwa fupi zaidi: usalama wa mtu hautegemei madhehebu yake kuwamo katika orodha ya yeyote.

Suala hili si la Mashariki ya Kati peke yake. Kusini mwa Mto Ruvuma, katika Jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji, ambako lugha za Kimwani na Kiswahili husikika sokoni na misikitini, vita vilianza rasmi Oktoba 5, 2017, wapiganaji walipovamia vituo vya polisi mjini Mocímboa da Praia. Lakini ugomvi ulikuwa umeanza miaka kadhaa kabla, na haukuanzia katika vituo vya polisi. Ulianzia misikitini. Vijana waliojitenga na misikiti ya wazee wao walianza kwa kusema swala za huko hazisihi. Waliingia misikitini na viatu, waliwatoa watoto katika shule za serikali, wakajenga sehemu zao za ibada. Viongozi wa Kiislamu wa jimbo hilo walipeleka taarifa kwa mamlaka mapema. Kwa muda mrefu jambo hilo lilitazamwa kama mzozo wa ndani wa waumini, lisilohusu mtu mwingine.

Baadaye lilihusu kila mtu. Machi 2021 mji wa Palma ulivamiwa, na katika kilele cha mgogoro watu wapatao milioni moja walikuwa wameyakimbia makazi yao, wengi wao Waislamu wa jamii zile zile ambazo wapiganaji walidai kuzitetea. Oktoba 14, 2020, wapiganaji kutoka upande huo walivuka Ruvuma na kushambulia kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara, wakiua wananchi na kuchoma nyumba. Vikosi vya Rwanda vilivyoingia Julai 2021 na ujumbe wa kijeshi wa Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, ambao Tanzania ilichangia, ulioanza mwezi huo na kumaliza muda wake Julai 2024, vilirejesha miji mingi mikononi mwa serikali. Silaha, hata hivyo, huurejesha mji. Kuwarejesha watu katika saffu moja msikitini ni kazi nyingine.

Mombasa iliyaona haya pia. Kati ya mwaka 2012 na 2014, misikiti kadhaa jijini humo iligombewa kati ya kamati za wazee na vijana waliowaita maimamu wao vibaraka. Juni 10, 2014, Sheikh Mohamed Idris, Mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri wa Kiislamu nchini Kenya, aliyekuwa akipinga waziwazi fikra hizo, alipigwa risasi na kufariki. Katika miaka hiyo wahubiri waliotuhumiwa kueneza misimamo mikali nao waliuawa mitaani na watu ambao hawakujulikana, na mauaji hayo yakazaa ghasia na vijana wapya wenye hasira. Mnyororo huo wa damu haukumjenga yeyote.

Takwimu zinaunga mkono tahadhari hiyo. Mwaka 2017 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilichapisha utafiti uliotokana na mahojiano na mamia ya watu waliojiunga kwa hiari na makundi ya misimamo mikali barani Afrika. Asilimia 71 walisema kilichowasukuma hatimaye kujiunga kilikuwa kitendo cha serikali, ikiwamo kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Zaidi ya nusu walitaja dini kuwa sababu ya kujiunga, lakini asilimia 57 walikiri kwamba wanaelewa kidogo au hawaelewi kabisa maandiko ya dini yao. La kutafakari zaidi ni hili: utafiti huo ulibaini kwamba angalau miaka sita ya masomo ya dini hupunguza uwezekano wa mtu kujiunga na makundi hayo kwa hadi asilimia 32. Aliyekaa muda mrefu chuoni na kusikia kwamba Imam Shafii alisema hivi na Imam Malik akasema vile, na wote wawili wakaombewa rehema na mwalimu, ni vigumu kumshawishi kwa video ya dakika tatu kwamba jirani yake ni kafiri.

Kwa Tanzania, mipaka ya dola katika jambo hili imeandikwa. Ibara ya 19 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa imani, na inaweka shughuli na uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Wakati huo huo, Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002 na Kanuni ya Adhabu zinazipa mamlaka nyenzo za kushughulikia vurugu, uchochezi na kuvuruga ibada za wengine. Kati ya nguzo hizo mbili upo uwanja mwembamba. Upo ushawishi, hasa baada ya kila tukio la kutisha, wa kuitaka serikali ichague Uislamu ulio sahihi na kuufunga ule usio sahihi. Ni ushawishi wa kuukataa. Serikali ikijifanya mufti, kila tofauti ya fikihi hugeuka faili la usalama, na mwenye msimamo mkali hupata hoja aliyoikosa: kwamba masheikh wanaompinga ni watumishi wa dola. Hata mzozo wa mwandamo wa mwezi, ambao karibu kila mwaka huwafanya baadhi ya Waislamu nchini kuswali Idd siku moja kabla ya wenzao, ni mali ya wanazuoni, na nchi imeupitia kwa miaka mingi bila kuuhitaji ulinzi mwingine zaidi ya ustaarabu.

Kwa msingi huo, mwananchi anayeombwa na viongozi wake wa mtaa au kijiji kutoa taarifa za viashiria vya uhalifu anastahili kuelezwa bayana kiashiria ni kipi. Mtu aliyeanza kuachia mikono katika swala, aliyefuga ndevu, aliyeacha kuhudhuria Maulidi, au mwanamke aliyeanza kuvaa nikabu, si kiashiria cha lolote isipokuwa cha uhuru ambao Katiba imempa. Taarifa yenye uzito ni ile ya mhubiri anayewaambia wasikilizaji kwamba waumini wa msikiti fulani damu yao ni halali. Ya kikundi kinachowatoa watoto shuleni na kuwapeleka mahali ambapo wazazi hawaruhusiwi kufika. Ya vijana wanaochangishwa fedha za safari ambayo hakuna anayejua mwisho wake. Ya msikiti ambao kamati yake imefukuzwa kwa vitisho. Na taarifa hiyo ikishatolewa, kama walivyofanya wazee wa Cabo Delgado kabla ya mwaka 2017, inatakiwa kumkuta ofisini mtu anayejua tofauti kati ya makundi hayo mawili.